Pima protini, usipime pakiti

Mnunuzi wa Kibaha mwenye fedha kidogo asikimbilie soseji anapoingia supamaketi. Ageuze pakiti, asome gramu za protini, kisha agawanye bei kwa gramu hizo. Kunde kavu, gramu 100, zina protini takriban gramu 23; mbaazi, 21. Yai moja lina gramu sita hivi. Soseji nyingi zina gramu 10 hadi 15 tu kwa kila gramu 100. Kunde zikiliwa na ugali au wali, protini hukamilishana.

Mkulima wa Kisarawe naye ana nafasi hapa. Kunde anazouza kwa debe, zikikaushwa vizuri zisibunguliwe, zikachambuliwa na kufungwa kilo moja moja, zinaweza kumpatia bei bora.