Shimo jeusi linameza, mbona linatema?

Umesikia kwamba shimo jeusi humeza kila kitu, sivyo? Lakini lile la galaksi ya M87, miaka ya nuru milioni 55 kutoka hapa, linatoa mkondo wa chembe zinazokimbia karibu sawa na mwanga.

Siri ni hii: kinachotemwa hakijamezwa. Ni gesi ya pembeni, inayorushwa nje na nguvu za sumaku.

Mjerumani Heino Falcke alianza kutafiti mikondo hii miaka ya 1990. Mwaka 2000, yeye na wenzake walisema kivuli cha shimo jeusi kinaweza kuonekana kwa darubini za redio. Moja haitoshi, hivyo Aprili 2017 darubini za Hispania, Chile, Hawaii na kwingineko ziliilenga M87 kwa pamoja. Data ilizidi uwezo wa intaneti, diski zikapanda ndege.

Picha ilitoka 10 Aprili 2019. Kusubiri miaka 19 kulilipa.