Mshipa Usiofunga: Kungoja Si Kutelekeza

Askari wa jeshi na polisi mlioko kambini na mlioko zamu, maoni yetu ya leo yako mbali na bunduki lakini karibu na nyumba zenu. Askari aliyeko mpakani huletewa habari kwamba mkewe amejifungua kabla ya wakati, mtoto ana mshipa karibu na moyo uliokataa kufunga, na madaktari wanangoja. Neno hilo humtia hasira. Je, huo ni uzembe?

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake. Kwa hiyo maumbile yamemwekea mshipa mfupi, unaounganisha mshipa mkuu wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili, ili damu iyapite mapafu kando. Mtoto aliyetimiza miezi tisa akizaliwa, mshipa huo hujifunga kwa siku mbili tatu. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 28, mara nyingi hubaki wazi. Hapo damu hugeuza njia: sehemu yake hurudi na kuyafurikia mapafu, huku figo na matumbo yakipungukiwa. Mtoto hushindwa kuachana na mashine ya kupumulia, nayo mashine, kwa msukumo wake na oksijeni yake, huyajeruhi mapafu machanga hata yakapata ugonjwa sugu.

Daktari Robert Gross aliufunga mshipa wa namna hiyo kwa uzi mjini Boston mwaka 1938, katika mtoto wa miaka 7. Mwaka 1976 zikatoka taarifa za dawa ya indomethasini, inayoufunga bila kisu. Fikira iliyotawala tangu hapo ilikuwa kufunga upesi.

Fikira hiyo imetikiswa. Uchunguzi wa Uholanzi, Ubelgiji na Denmark, uliotangazwa mwisho wa mwaka 2022, ulihusu watoto 273. Waliongojewa hawakupata madhara zaidi kuliko waliopewa ibuprofeni mapema. Nchini Uingereza walichunguzwa watoto 653, na matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba dawa hiyo haikupunguza vifo wala ugonjwa wa mapafu. Mishipa mingi hujifunga yenyewe, na dawa zenyewe zaweza kudhuru figo na matumbo.

Lakini kungoja huku ni kama kushika lindo. Anayelala si mlinzi. Madaktari hupima moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, huyapima maji anayopewa mtoto, na hurekebisha msukumo wa mashine.

Ugumu hasa uko kwa mtoto ambaye majuma yamepita, mapafu yamekwisha kuharibika, na mshipa bado ni mpana. Kwake dawa zimepoteza nguvu. Hubaki upasuaji, au kizibo kidogo kinachopitishwa kwa mrija mwembamba katika mshipa wa paja. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kizibo cha watoto wenye uzito wa kuanzia gramu 700. Hata hapo haifai kukurupuka. Ikiwa shinikizo la damu mapafuni limepanda mno, mshipa ule ulio wazi huwa ndio unaoupunguzia moyo mzigo, na kuuziba ghafla kwaweza kumwua mtoto.

Baba aulize basi mambo matatu: mshipa una upana gani, shinikizo la mapafuni likoje, na kipimo kingine kitafanywa siku gani.