Kasaji: Mambo matatu mzazi anaweza kuiga kwa mwalimu mzuri

Mtoto ametumwa kununua chumvi na sabuni. Amerudi, na pesa iliyobaki haitoshi. Kabla hajaeleza, anaambiwa: "Huna akili!" Kesho yake mwalimu anauliza hesabu darasani, naye ananyamaza.

Mambo kama haya hutokea katika nyumba nyingi, na Kasaji, mji wa reli katika wilaya ya Dilolo, jimbo la Lualaba, si tofauti. Tangu Septemba 2019, masomo katika shule za msingi za serikali nchini DRC ni bure. Watoto wameongezeka darasani, na mwalimu mmoja hawezi kumfikia kila mmoja. Kwa hiyo mzazi ana kazi yake nyumbani, na haihitaji ubao wala diploma.

Kwanza, onyesha kabla ya kuagiza. Mwalimu mzuri hufanya hesabu ubaoni, kisha huifanya pamoja na wanafunzi, ndipo anawaachia wenyewe. Hata kusonga bukari ni hivyo: siku ya kwanza mtoto atazame, siku ya pili mshike mwiko pamoja, siku ya tatu asonge peke yake. Kumpiga kwa kukosea jambo ambalo hakuonyeshwa ni kumpa mtihani bila somo.

Pili, uliza halafu subiri. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe aliona kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, watoto walitoa majibu marefu zaidi, na hata wale wanyamavu walianza kusema. Nyumbani pia, ukiuliza "Pesa imeenda wapi?", mpe mtoto nafasi ya kufikiri.

Tatu, sahihisha kazi, usimtukane mtoto. Ukisema "Hapa ulikosea kutoa, tuhesabu tena," anajua pa kurekebisha. Tusi halimfundishi kutoa wala kujumlisha.

Wazazi wengine husema hawawezi kusaidia kwa sababu hawajui Kifaransa. Hesabu ya chenji ni ileile kwa Kiswahili, Kilunda au Kichokwe. Mtoto akirudi shuleni, mwambie akueleze alichojifunza leo. Akikueleza vizuri, ameelewa. Akikwama, mmejua pa kuanzia.

Reli ya Kasaji inafika Kolwezi, kwenye machimbo ya shaba na kobalti, ambako watoto wamekutwa wakichimba na kuosha mawe badala ya kusoma. Umaskini ndio unaowasukuma wengi. Lakini mtoto anayeambiwa kila siku kwamba hana akili ana sababu moja zaidi ya kuacha daftari. Sababu hiyo mzazi anaweza kuiondoa jioni ya leo, bila kulipa hata franka moja.