Kompyuta ya Mezani na Eneo-kazi Lake: Utazamaji wa Michoro ya Mbali kwa Kishikwambi

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Simiyu, ambao makao makuu yake ni Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012, kwa sehemu kubwa kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga. Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilihesabu humo watu 2,140,497. Makarani wa sensa hiyo walikusanya taarifa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na baadaye Serikali ikaamua vifaa hivyo vigawiwe walimu. Kwa njia hiyo istilahi kishikwambi, ambayo hapo awali ilikuwa ya wachache, iliingia katika ofisi za kata na vyumba vya walimu pamoja na kitu chenyewe. Ni nadra istilahi kupata bahati ya namna hiyo.

Makala haya yanahusu kazi moja mahususi ya kifaa hicho, yaani kutazama michoro iliyomo katika kompyuta ya mezani iliyo mbali. Kazi hiyo aghalabu huelezwa vibaya, na sababu mojawapo ni ya kiisimu. Kiingereza hutumia neno moja kwa mashine inayokaa mezani na kwa sura inayoonekana juu ya kioo chake. Kiswahili kina maneno mawili: kompyuta ya mezani na eneo-kazi. Mwanafunzi wa sekondari wa Bariadi, ambaye pengine alianza na Kisukuma nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa anafundishwa kwa Kiingereza, hupokea neno hilo moja lenye maana mbili na kudhani kwamba kompyuta ya mbali “imeingia” katika kishikwambi chake. Inadaiwa hapa kwamba Kiswahili, kikitumiwa kwa uangalifu, hulifafanua jambo hili vizuri kuliko lugha lilikotoka: kompyuta ya mezani hubaki ilipo, na kinachosafiri ni sura ya eneo-kazi lake tu.

2.0 Kinachosafiri

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisa aliye Bariadi anataka kuitazama ramani ya Wilaya ya Meatu iliyomo katika kompyuta yenye nguvu iliyoko Dodoma. Wakati wa sensa, dodoso lilikuwa ndani ya kishikwambi chenyewe. Karani alijaza majibu, kisha majibu yakatumwa. Katika mfano huu hali ni kinyume chake. Programu ya ramani inafanya kazi Dodoma, faili liko Dodoma, na hesabu zote za kuchora zinafanyika huko. Kishikwambi hupokea sura na kurudisha miguso ya kidole. Kikipotea njiani, ramani haijapotea. Mtandao ukikatika, ofisa hana ramani hata kidogo, ingawa sekunde moja iliyopita alikuwa akiitazama.

Sura hiyo inaweza kupelekwa kwa namna mbili, na tofauti iliyopo kati ya namna hizo inafanana na tofauti iliyopo kati ya kumweleza mtu umbo la kitu na kumpa picha yake. Namna ya kwanza ni ya maelezo. Mfumo wa X, uliobuniwa na Robert Scheifler na Jim Gettys katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, uliruhusu programu ya mbali kutuma amri: chora mstari kutoka hapa hadi pale, jaza rangi hii, andika neno hili. Mashine iliyo mbele ya mtumiaji ndiyo iliyochora. Namna ya pili ni ya nukta. Mfumo wa VNC ulizaliwa katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, na ukaelezwa mwaka 1998 katika makala ya Tristan Richardson na wenzake. Huo haujali kama kilichochorwa ni mstari, herufi au uso wa mtu. Kompyuta ya mbali huchora yenyewe, kisha hutuma mistatili ya nukta zilizobadilika, kila kishikwambi kinapoomba. Mfumo wa Microsoft ujulikanao kama RDP, uliotolewa pia mwaka 1998, huchanganya namna zote mbili.

Mtu angetarajia namna ya maelezo ishinde, kwa kuwa amri ni fupi kuliko picha. Haikuwa hivyo. Programu za siku hizi huchora zenyewe kila kitu, hata herufi, na kuikabidhi kazi ikiwa nukta tupu. Hata katika mfumo wa X amri nyingi zimegeuka kuwa “weka picha hii hapa”. Michoro ya pande tatu nayo huhitaji data nyingi na kadi ya michoro yenye nguvu, hivyo ni nafuu kuichorea huko huko na kutuma matokeo.

3.0 Uzito wa nukta

Gharama yake si ndogo. Kioo chenye nukta 1,920 kwa 1,080 kina nukta 2,073,600. Kila nukta ikichukua baiti 3 za rangi, sura moja ina baiti 6,220,800. Sura 30 kwa sekunde zingekuwa zaidi ya megabaiti 186 kila sekunde, kiasi ambacho hakuna kifurushi cha simu kinachoweza kukistahimili. Kwa hiyo mifumo yote hutegemea mambo mawili: kutotuma kisichobadilika, na kubana kilichobadilika. Ramani iliyotulia haigharimu karibu chochote. Ramani hiyo hiyo ikiburutwa kwa kidole, kila nukta hubadilika, na hapo ndipo picha hukwamakwama.

Ubanaji una madhara ambayo mwanaisimu hawezi kuyapuuza. Njia za kubana zilizobuniwa kwa ajili ya picha za kamera hutupa vipengele vidogo ambavyo jicho halivikosi katika picha ya mandhari. Katika ramani, vipengele hivyo ni mistari myembamba na alama za maandishi. Aidha, sura ya nukta 1,920 ikipunguzwa ili ienee kwenye kioo cha nukta 1,280, kila herufi hubaki na theluthi mbili tu za upana wake. Kinachotangulia kufifia ni kile kidogo kuliko vyote, na katika Kiswahili kidogo hicho ni ritifaa. Jina la kata ya Ng'hoboko, wilayani Meatu, huweza kusomeka bila alama yake. Ng'ombe hugeuka “ngombe”. Katika namna ya maelezo hitilafu hii isingetokea, maana herufi ingechorwa upya kwenye kishikwambi kwa ukubwa unaofaa. Tiba yake ni kuiamuru kompyuta ya mbali ipunguze upana wa eneo-kazi lake ulingane na kioo kinachotazamiwa, na kuchagua ubanaji usiopoteza kitu pale maandishi yanapohusika.

Umbali wenyewe si adui mkubwa kama wengi wanavyodhani. Mwanga ndani ya nyuzi za mawasiliano husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Hata njia ya Bariadi hadi Dodoma ingezunguka kilometa 1,000, kwenda na kurudi kungechukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi mwaka 2009, mawasiliano ya Tanzania na nchi za nje yalitegemea sana setilaiti zilizo kilometa 35,786 juu ya ikweta. Kwa njia hiyo, mguso na jibu lake vilichukua karibu nusu sekunde, na kuchora kwa mkono kwenye mashine ya mbali kulikuwa adha. Kinachochelewesha leo ni zaidi mawimbi hafifu ya mnara na watumiaji wengi kwenye mnara mmoja.

4.0 Tatizo la istilahi

Limebaki suala la kuzitaja pande mbili za mawasiliano haya. Istilahi zilizozoeleka, seva na mteja, hukoroga maana. Katika mfumo wa X, seva ni programu iliyo mbele ya mtumiaji, kwa sababu ndiyo inayohudumia kioo; katika VNC, seva ni ile iliyo mbali. Mwalimu anayefasiri bila kulieleza hili atawaacha wanafunzi wake wakibishana juu ya jambo ambalo hata wabunifu hawakulitaja kwa namna moja. Maneno mwenyeji na mtazamaji yanafaa zaidi. Mwenyeji ni mashine yenye programu na faili, popote ilipo. Mtazamaji ni kifaa kinachoonyesha sura. Hayageuki mfumo unapogeuka.

Vitenzi navyo vina kasoro zake. Kugusa, kubonyeza na kuburuta vimekwisha kuzoeleka. Hata hivyo, mwenyeji alizoea kipanya, ambacho kishale chake kinaweza kupita juu ya kitu bila kukibonyeza, na programu nyingi za ramani huonyesha jina la mahali kwa kitendo hicho. Kidole hakina kitendo kama hicho: ama kimegusa, ama hakipo. Baadhi ya programu za mtazamaji hukigeuza kioo kizima kuwa mfano wa kipanya, kidole kikisukuma kishale badala ya kugusa kitu chenyewe. Kitenzi kuelea kingeweza kutumika kwa kitendo hicho cha kishale, ili kitofautishwe na kugusa katika vitabu vya mafunzo.