MWONGOZO WA UPANDAJI MIKOKO UWEJE ILI UMFAE MWANANCHI

Miongoni mwa nasaha wanazopewa wananchi wa vijiji vya pwani, iliyozoeleka zaidi ni ile isemayo: pandeni mikoko. Nasaha hiyo ni njema, lakini peke yake haimtoshi mtu aliyesimama ufukweni na pakacha la mbegu.

Mwongozo hauna budi kueleza kwanza aina ya mti na mahali pake. Mlilana na mchu ndiyo miti inayostahamili upande wa bahari; mkoko hustawi nyuma yake, penye matope laini; na mkandaa huelekea nchi kavu, mahali panapofikiwa zaidi na maji ya bamvua. Kijiji kikipanda mkoko kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, kwa sababu tu mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota, miche huzolewa na maji na nguvu za watu hupotea. Wakiitwa tena mwaka unaofuata hawaji, wala si haki kuwaita wavivu.

Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti. Iliyokomaa huonyesha pete ya manjano shingoni. Huchomekwa topeni ncha ikiwa chini, kiasi cha thuluthi moja ya urefu wake, na baina ya mche na mche huachwa takriban mita 1. Maelezo kama haya, pamoja na picha moja iliyo wazi, yana faida kuliko kurasa kumi za kuyasifu mazingira.

Linalosahauliwa mno ni kumwambia msomaji pale asipopaswa kupanda. Penye nyasi za baharini paachwe, kwani ndipo samaki wadogo hujificha na kina mama huokota kombe. Aidha, palipozibwa njia ya maji kwa tuta au barabara, huenda kuifungua kukatosha, maana mbegu huletwa na maji zenyewe iwapo miti mizazi ipo karibu.

Kwa upande wa Zanzibar, mwongozo uitaje Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996, na ueleze kwa lugha nyepesi kwamba mwananchi aanze kwa Sheha wake.

Hatimaye, uagize miche ihesabiwe baada ya miezi 3, na tena baada ya mwaka 1. Idadi ya kuandikwa katika taarifa ni ya miche iliyo hai, si ile iliyopandwa siku ya sherehe.