Eksirei ya mfumo wa mkojo: maandalizi sahihi humwepusha mgonjwa na safari ya pili

Mkoa wa Lindi, zilimo wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ni miongoni mwa maeneo nchini yenye kichocho cha mkojo. Vimelea vya ugonjwa huo hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kuchota maji katika mabwawa na vijito. Dalili yake kuu ni damu kwenye mkojo, ambayo katika baadhi ya jamii hudhaniwa kuwa ishara ya kijana kubalehe.

Kichocho hutibiwa kwa dawa ya prazikwanteli. Kisipotibiwa kwa muda mrefu, mayai ya minyoo huacha makovu katika kibofu na mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mirija ikisinyaa, mkojo hukwama na figo huharibika polepole, mara nyingi bila maumivu makali.

Uchunguzi huanza kwa kupima mkojo na altrasaundi. Daktari akihitaji kuona mahali mkojo unapokwama, anaweza kuagiza eksirei inayopigwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa yenye madini joto. Eksirei ya kawaida haioneshi mirija hiyo vizuri. Dawa hiyo ikichujwa na figo, njia yote ya mkojo huonekana nyeupe pichani. Njia hii imekuwa ikitumika tangu mwaka 1929, ilipofanikiwa mjini Berlin, Ujerumani.

Kwa mgonjwa anayepewa rufaa mbali na nyumbani, maandalizi ni jambo la msingi. Kinyesi na gesi tumboni huficha figo, na picha isiyosomeka humlazimu kurudia safari na kupigwa mionzi tena. Kwa hiyo hutakiwa kula chakula chepesi siku iliyotangulia, kutumia dawa ya kulainisha choo iwapo amepewa, na kufuata maelekezo ya hospitali kuhusu muda wa kutokula.

Kabla ya kipimo, mgonjwa anapaswa kumweleza mtaalamu iwapo ana mimba au anaihisi, ana pumu au mzio, amewahi kudhurika kwa dawa ya aina hiyo, ana ugonjwa wa figo, au anatumia metformini kwa ajili ya kisukari. Asiache dawa zake bila ushauri wa daktari. Kipimo cha damu cha utendaji kazi wa figo huweza kufanywa kwanza.

Siku ya kipimo, mgonjwa hukojoa, hulala chali na kupigwa picha ya awali. Baada ya sindano, anaweza kuhisi joto mwilini au ladha ya chuma mdomoni. Hali hiyo hupita upesi. Akiwashwa, akivimba uso au akipata shida ya kupumua, aseme papo hapo. Picha hupigwa kwa vipindi, kwa kawaida ndani ya saa moja hivi, na ya mwisho hupigwa baada ya kukojoa.

Baada ya hapo, mgonjwa hushauriwa kunywa maji ya kutosha, isipokuwa daktari amemzuia. Kwa mwenye figo nzima, sehemu kubwa ya dawa hutoka kwa mkojo ndani ya saa 24.

Wananchi wanaoona damu kwenye mkojo wanashauriwa kufika mapema katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kwani kichocho kikitibiwa mapema, figo hunusurika.