Maumivu ni mlinzi: jinsi ukoma unavyozima hisi za mwili

Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi 23 ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) limezipa kipaumbele katika mapambano dhidi ya ukoma, ugonjwa ambao madhara yake mengi hayatokani na maumivu, bali na kukosekana kwa maumivu.

Wapo wanaoamini hadi leo kwamba ukoma hula vidole. Sivyo. Bakteria wa ukoma, waliogunduliwa mwaka 1873 na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu, yaani njia zinazoupelekea ubongo habari za mwili.

Habari hizo ni za aina mbalimbali. Za mguso huanzia kwenye vipokezi vilivyomo ndani ya ngozi, ambavyo hutambua mgandamizo, mtetemo na ulaini wa kitu. Za mkao wa mwili hutoka kwenye misuli, kano na maungio; ndizo zinazomwezesha mtu kupeleka tonge mdomoni gizani bila kukosea. Zote mbili hupita katika mishipa minene na kusafiri makumi ya mita kwa sekunde.

Maumivu yana njia zake, nazo ni nyembamba. Baadhi hupitisha habari upesi, nyingine kwa kasi isiyozidi mita 2 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana anayejikwaa huhisi kwanza mchomo mkali, kisha maumivu mazito yanayofukuta.

Mwaka 2021, wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Tiba kwa kugundua vipokezi vya joto na mguso. Julius alionyesha kuwa kipokezi kinachoamshwa na joto kali ndicho pia kinachoamshwa na pilipili. Patapoutian alitambua vipokezi vinavyoitikia mgandamizo, kikiwemo kimoja ambacho mwili hukitegemea kwa mguso na kwa kujua mkao wa viungo.

Mtu mwenye afya akigusa sufuria ya moto, uti wa mgongo huamuru mkono urudi nyuma hata kabla ubongo haujahisi maumivu. Kwa mgonjwa wa ukoma ambaye mishipa yake imekufa ganzi, amri hiyo haitoki. Huishika sufuria mpaka ngozi iungue, au hutembea siku nzima na mwiba mguuni.

Hatari huongezeka kwa sababu bakteria hao hupendelea sehemu za mwili zenye ubaridi, zilizo karibu na ngozi. Hisi ya mkao, inayotoka ndani zaidi, mara nyingi hubaki. Hivyo mkulima huendelea kujua mkono wake ulipo na kushika jembe kama kawaida, bila kujua kwamba mpini umemchubua.

Daktari Mwingereza Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore nchini India mwaka 1946, alisaidia kuthibitisha kuwa sehemu kubwa ya ulemavu wa wagonjwa hao hutokana na majeraha yasiyohisiwa, yanayoachwa bila kutunzwa hadi yakaoza na kuharibu mifupa.

Ukoma unatibika. Mchanganyiko wa dawa hutolewa bila malipo kwa miezi 6 au 12, kulingana na hali ya mgonjwa, na muda mfupi baada ya kuanza tiba mgonjwa haambukizi tena. Hata hivyo, dawa huua bakteria tu; hazifufui mishipa iliyokwisha kufa. Aliyepoteza hisi hulazimika kuyafanya macho kuwa mlinzi wake: kukagua nyayo na viganja kila jioni, kuvaa viatu muda wote na kushika vyombo vya moto kwa kitambaa.

Kwa kuwa dalili zinaweza kuchukua miaka 5, na hata 20, kujitokeza, wataalamu husisitiza uchunguzi wa mapema. Baka lililofifia rangi kwenye ngozi, lisilowasha wala kuuma, hudharauliwa kwa urahisi. Iwapo baka hilo halihisi hata mguso wa pamba, hiyo ni sababu tosha ya kwenda kituo cha afya bila kungoja maumivu, kwani huenda maumivu yasije kamwe.